Kanga, Tanzi na Chuku za Wawindaji

Katika vichaka na mashamba ya mihogo kati ya Mikindani na mlango wa Mto Ruvuma wanaishi kanga na kororo. Kanga ana macho makali. Akishtuka hutimua mbio kabla ya kuruka, na usiku hulala juu ya miti. Hutegwa kwa tanzi: kamba hufungwa kwenye ufito uliopindwa, punje za mtama zikawa chambo.

Aliyerudi mikono mitupu alirudi na chuku. Alidai kanga aling'oa mtego, akaruka nao hadi ng'ambo, Msumbiji. Mwingine alimaliza chambo, akaacha yai la shukrani. Mtani hudakia: "Na yai umelila na nani?" Kwa desturi ya utani, anayetaniwa hakasiriki; hujibu kwa chuku kubwa zaidi. Humo vijana hujifunza tabia za ndege na ufasaha wa kusema mbele za watu.

Tangu mwaka 2000, eneo la mlango wa Ruvuma limo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Kuwinda ndege pori bila kibali ni kosa kisheria. Mgeni, waache kanga porini. Waombe wazee wakusimulie chuku zao.