Viwango vya masharti ya UVIKO-19 Uskoti

Viwango vya masharti ya UVIKO-19 Uskoti vilikuwa mfumo wa kudhibiti ugonjwa huo kwa kila eneo kulingana na hali yake. Ulianza tarehe 2 Novemba 2020, chini ya serikali ya Nicola Sturgeon. Kila moja ya halmashauri 32 ilipangiwa kiwango, kuanzia 0 hadi 4.

Uamuzi ulizingatia idadi ya maambukizi kwa kila watu 100,000, asilimia ya vipimo vilivyoonyesha virusi, makadirio ya wagonjwa wapya na uwezo wa hospitali, hasa vitanda vya wagonjwa mahututi. Katika kiwango cha 3, migahawa haikuruhusiwa kuuza pombe. Katika kiwango cha 4, maduka yasiyo ya bidhaa muhimu yalifungwa, lakini shule ziliendelea.

Kuanzia 20 Novemba 2020, sheria iliwakataza wakazi wa maeneo ya viwango vya 3 na 4 kutoka nje ya halmashauri yao. Watu wa maeneo mengine nao walizuiwa kuingia humo. Safari za kazi, masomo, matibabu na kuwahudumia wasiojiweza ziliruhusiwa. Siku hiyohiyo Glasgow na halmashauri nyingine 10 ziliingia kiwango cha 4.

Januari 2021 Uskoti bara iliamriwa kubaki nyumbani. Masharti yalilegezwa kwa awamu, na tarehe 19 Julai 2021 nchi nzima ikafika kiwango cha 0. Mfumo ulikoma tarehe 9 Agosti 2021.