Rangi za matatu

Jina lilitoka kwenye nauli. Miaka ya mwisho ya ukoloni, safari ya kuingia mjini Nairobi ililipiwa sarafu tatu za senti kumi, zile zenye tundu katikati, na makelele ya makondakta yakaacha neno moja midomoni mwa watu: matatu. Magari yenyewe yalikuwa Ford Thames kuukuu na mengine ya aina hiyo. Hakuna aliyehangaika kuyapamba, kwa maana gari la magendo halijitangazi.

Magendo kweli. Mwaka 1966 Baraza la Jiji liliipa kampuni ya mabasi ya Kenya Bus Service haki ya kubeba abiria peke yake, nalo likapata robo ya hisa. Lakini baada ya uhuru watu walimiminika mjini, mitaa ya Eastlands ikatanuka kuyashinda mabasi, na mwenye matatu akawa mtu wa kuchungulia kona kama askari yupo. Ndipo mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta alipotangaza kwamba matatu ziruhusiwe kubeba abiria bila leseni maalumu. Tangu siku hiyo gari halikuhitaji tena kujificha. Lilihitaji kuonekana.

Wengi wanaosimulia sanaa hii huanzia kwenye brashi. Mimi naanzia steji. Magari kadhaa yamepanga foleni ya Buru Buru, yote ni namba 58, nauli haipishani, na msongamano wa Jogoo Road haumjui tajiri wala maskini. Abiria achague kwa lipi? Atachagua kwa macho na masikio. Dereva na makanga wana hesabu ya mwenye gari ya kupeleka jioni. Kinachozidi ni chao. Kwa hiyo picha ubavuni si urembo, ni mshahara.

Miaka ya 1990 ndiyo iliyokuwa ya manyanga, yaani matatu zilizopambwa. Majina yalitoka kwenye hip hop ya Marekani, sinema, Biblia na soka la Ulaya. Gari likitoka gereji jipya, wanafunzi waliziacha matatu nyingine ziende tupu wakalingoja. Kazi ya kuliunda na kulichora haikuwa ya mchezo, na hata leo si ya mchezo: bodi huundwa kwa mabati juu ya chesisi, huzibwa mabonde, hupigwa msasa mpaka kiganja kiteleze, kisha mchoraji huziba kwa karatasi na utepe pale pasipopakwa na kupulizia rangi tabaka kwa tabaka. Sura ya mtu ndiyo humtoa jasho. Akikosea jicho la Tupac, steji nzima itamcheka.

Tarehe 1 Februari 2004 rangi zikafutwa. Waziri wa uchukuzi, John Michuki, alileta sheria za mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, sare za wahudumu, na mstari wa njano kuzunguka gari. Kwa mikanda na mwendo sina ugomvi naye. Watu walikuwa wakifa. Ila sijapata kuelewa sura ya mwanamuziki ubavuni iliua abiria gani.

Hata hivyo ushindani wa steji haukufutwa pamoja na rangi, na muda si muda picha zikaanza kurudi, kwanza ndani, kisha nje. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akawaambia polisi wasiwasumbue wenye matatu kwa sababu ya michoro, akisema ni ajira ya vijana. Novemba 2018 serikali hiyo hiyo ikatangaza msako wa kurudisha sheria za Michuki. Magari yakakaa gereji siku chache, kisha yakatoka. Sasa yanaitwa nganya, na za Rongai zina skrini na taa za kutosha disko.

Michuki alifariki mwaka 2012. Kando ya Mto Nairobi, karibu na mzunguko wa Globe, ipo bustani yenye jina lake, na matatu zenye michoro hupita hapo kila siku.