Fuwele Kumi na Nne: Redio ya Wananchi Ilivyozaliwa, Ilivyovuma na Inavyofufuliwa

Ukifungua kifuniko cha redio ya CB (Citizens Band, yaani redio ya wananchi) ya chaneli 23, zile zilizouzwa Marekani hadi katikati ya miaka ya 1970, mara nyingi utakuta safu ya vikopo vidogo vya chuma vimesimama wima kwenye ubao wa saketi. Katika redio nyingi za transista za zama hizo vikopo hivyo ni 14. Kila kimoja kimebeba kipande cha fuwele kinachotetema kwa kasi moja isiyobadilika. Fuwele sita huchanganywa na nne za kupokelea, na sita zilezile huchanganywa na nne nyingine za kurushia. Sita mara nne ni 24, na hizo zatosha kupata chaneli 23.

Fundi aliyeielewa hesabu hii hupata ugonjwa kwa kusikiliza tu. Chaneli nne zinazofuatana zikinyamaza, tuseme 9 hadi 12, basi moja kati ya zile sita imekufa. Redio ikirusha vizuri lakini ikawa kiziwi kila baada ya chaneli tatu, kosa liko kwenye zile nne za kupokelea. Lakini kwa nini chaneli 23, wala si 20 au 30? Jibu halimo ndani ya redio, limo katika mabishano ya muda mrefu kati ya serikali ya Marekani na raia wake kuhusu nani ana haki ya kusema hewani.

Mwaka 1945, Vita vya Pili vya Dunia vikielekea kuisha, tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipendekeza kitu ambacho nchi nyingi zisingekithubutu: kumtengea mwananchi wa kawaida masafa yake, bila mtihani wa ufundi wala wa alama za Morse. Kwetu Afrika Mashariki redio kol ilibaki kwa miaka mingi kuwa chombo cha polisi, cha hifadhi za wanyama, na cha hospitali za mbali zilizoita madaktari wa ndege wa shirika la AMREF kutoka Nairobi. Mtu binafsi kuwa na redio ya kurusha lilikuwa jambo la kutiliwa shaka. Al Gross, mvumbuzi aliyezaliwa Toronto na kukulia Cleveland, aliyekuwa amebuni redio za mkononi tangu kabla ya vita, ndiye aliyepata idhini ya kwanza ya chombo cha huduma hiyo ya Marekani, mwaka 1948. Ila masafa yaliyotengwa yalikuwa ya juu mno, kati ya megahezi 460 na 470. Kwa vifaa vya wakati ule, redio thabiti ya masafa hayo ilikuwa ghali, na wananchi hawakuikimbilia.

Mambo yalibadilika Septemba 1958. FCC iliwanyang'anya wapenzi wa redio wenye leseni kipande cha megahezi 27 na kuwapa wananchi, na humo ndimo zilimopatikana zile chaneli 23. Walionyang'anywa walinuna, na wengine wao hawakusamehe kwa miaka mingi. Kwenye masafa haya redio ya valvu chache ilifanya kazi vizuri kwa nguvu ndogo, nayo sheria iliweka kikomo cha wati 5 za kuingia kwenye hatua ya mwisho ya kurushia. Mafundi bomba, wakulima na wenye teksi wakazinunua. Sheria ilitaka leseni, jina la kituo na mazungumzo mafupi ya shughuli, tena yasivuke maili 150. Kikomo hicho kilipingana na maumbile. Madoa ya jua yanapokuwa mengi, mawimbi ya megahezi 27 hudunda kwenye anga la juu na kuangukia maelfu ya kilomita mbali. Huwezi kumpa mtu redio ya kufika bara jingine kisha umwambie ajifanye hasikii. FCC ilikiondoa kizuizi hicho mwaka 2017.

Kilichoifanya CB ivume ni mafuta. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilifunga mabomba, na Januari 1974 Rais Nixon akatia saini kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88 hivi, nchi nzima. Dereva wa lori aliyelipwa kwa umbali aliona mshahara wake ukikatwa mchana kweupe. CB ikamwambia kituo gani bado kina mafuta na polisi wamejificha wapi. Dereva wetu anayewasha taa kumtahadharisha mwenzake kuwa mbele kuna tochi ya polisi ya kupima mwendo anafanya kazi ileile, ila mwenzake wa Marekani alikuwa na maikrofoni. Desemba 1973 madereva walipoziba barabara kuu kupinga bei, redio hizo ndizo zilizowapangia nani asimame wapi.

Baada ya hapo ikawa fasheni. Wimbo wa C.W. McCall uitwao Convoy ulishika namba moja Marekani Januari 1976, na Betty Ford, mke wa rais, naye akawa na jina lake la hewani. Kila mtu alijibatiza, leseni zikawa karatasi tu, na FCC ikabaki ikikimbiza kivuli chake. Tarehe 1 Januari 1977 chaneli zikawa 40. Wanunuzi walisubiri redio mpya huku maghala yakijaa zile za chaneli 23, bei zikaporomoka, na watengenezaji kadhaa hawakuinuka tena. Leseni yenyewe ilifutwa mwaka 1983. Uingereza, ambako watu walikuwa wakitumia redio za magendo, iliruhusu CB tarehe 2 Novemba 1981, lakini kwa FM na masafa yake yenyewe.

Alama ya upanuzi ule wa 1977 ingalipo: chaneli 24 na 25 zilichomekwa kwenye pengo kati ya 22 na 23, hivyo masafa ya chaneli 23 yako juu ya 25. Ndani ya sanduku, safu ya fuwele ilitoweka na chipu moja ikachukua nafasi yake. Kwa mrekebishaji hiyo ni hasara, maana fuwele hujieleza, lakini chipu ikifa husemi nayo.

Kuhusu kufufua, adui wa kwanza ni ukavu. Kapasita za kemikali zina karatasi iliyolowa, na baada ya miaka 40 au 50 karatasi hiyo imekauka: redio inavuma, sauti inafifia. Badilisha moja moja, ukiandika upande wa hasi kabla ya kung'oa. Daiodi iliyo kwenye njia ya umeme ikiwa imeungua, jua mtu aliwahi kugeuza waya za betri. Vikokwa vya koili usiviguse kwa bisibisi ya chuma, vinapasuka kama biskuti. Unapojaribu kurusha, mahali pa antena weka rizista ya omu 50 inayostahimili nguvu ya redio, na usibonyeze maikrofoni bila chochote hapo. Transista ya mwisho aina ya 2SC1969 imeacha kutengenezwa na bandia zimejaa sokoni, kwa hiyo iliyomo ilinde. Redio ya valvu ina volti mia kadhaa, na kapasita zake huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kibaya zaidi ni mikono ya waliotangulia. Redio nyingi za zama zile zimekatwa kizuia sauti ili zipige kelele zaidi, zikawa zinachafua chaneli za jirani. Kurudisha kizuizi hicho mahali pake ndio ukarabati wenye thamani kuliko kung'arisha sanduku. Redio ya chaneli 23 iliyorekebishwa inazungumza na ya kisasa bila tatizo, kwa sababu AM haikuondolewa hata FCC iliporuhusu FM mwaka 2021. Wewe uliye Dar es Salaam au Nairobi, sikiliza upendavyo, ila kabla ya kurusha hewani waulize kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.