Sheria ya Ndoa ya Mwaka 1971 na Haki za Wanawake Tanzania Bara

Miaka minne baada ya Azimio la Arusha, Bunge lilitunga Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya mwaka 1971, iliyoanza kutumika Tanzania Bara Mei 1 mwaka huo. Awali, haki za mke zilitegemea utaratibu uliotumika kufunga ndoa yake, uwe wa kimila, wa kidini au wa kiserikali. Sheria hiyo iliziweka ndoa zote chini ya mwavuli mmoja.

Haikupita kimya. Mapendekezo yalitolewa katika Waraka wa Serikali Namba 1 wa mwaka 1969 ili wananchi wayajadili. Umoja wa Wanawake wa Tanzania (UWT), ulioanzishwa mwaka 1962 chini ya uenyekiti wa Bibi Titi Mohamed, ulikuwa tayari chombo cha kufikisha sauti za wanawake serikalini. Suala la mume kuongeza mke lilizua ubishi mkali. Sheria iliruhusu ndoa za wake wengi, lakini ikampa mke aliyepo haki ya kuweka pingamizi, kwa mfano iwapo kipato cha mume hakitoshi kutunza familia.

Kifungu cha 66 ni kifupi, na pengine ndicho kilichogusa nyumba nyingi zaidi: hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu.

Kifungu cha 114 kilielekeza mali iliyochumwa kwa jitihada za pamoja igawanywe ndoa inapovunjika. Je, kupika na kulea watoto ni jitihada? Jibu lilipatikana mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kuwa kazi za nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo katika rufaa hiyo, lakini wanawake waliofuata mahakamani waliutegemea uamuzi huo.

Sheria hiyohiyo iliweka umri wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume, na wa kuolewa miaka 15 kwa msichana. Mwaka 2016, Mahakama Kuu iliamua kuwa tofauti hiyo inakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo Oktoba 2019.