Skani au changanua?
Msimbo wa QR, yaani ule mraba wa vidoa vyeusi na vyeupe uliobuniwa nchini Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave ili kufuatilia vipuri vya magari, sasa umefika kwenye rafu za maduka, ambako mteja huuelekezea kamera ya simu ili asome habari za bidhaa, apate punguzo au alipe. Programu nyingi humtaka "achanganue" msimbo huo. Kitenzi hiki, chenye kiambishi cha utenguo kinachopindua maana ya kuchanganya, humaanisha kutenganisha vilivyochangamana. Hata hivyo, keshia anayenyoosha kidole kwenye kibandiko kilichokunjamana kando ya mashine ya risiti husema tu, "Skani hapo." Neno hilo la mkopo limekwisha kuzoea sarufi, kwani huishia na irabu i kama rudi na fikiri, na hunyambulika bila taabu: skania, skanisha, skaniwa. Changanua, kusema kweli, hufaa zaidi kwa kazi ya simu yenyewe, ambayo hutambua miraba mitatu ya pembeni kisha ikapambanua vidoa, kuliko kwa mteja aliyeinua mkono tu.