Java, kibodi na ile ng' yetu

Leo tuangalie kwa ufupi jinsi Java ilivyojifunza kusikiliza kibodi.

Toleo la 1.0 (1996) lilikuwa na keyDown: ukibonyeza kitufe, tukio lilipanda kutoka kisanduku cha maandishi hadi dirisha, mpaka mbinu mojawapo irudishe true. Fujo tupu! Mwaka 1997, toleo la 1.1 likaleta KeyListener yenye mbinu tatu. keyPressed na keyReleased hushughulikia kitufe chenyewe. keyTyped hushughulikia herufi iliyopatikana.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Hapa Uriri niliandika fomu ya kusajili watu, keyTyped ikikataa chochote ambacho Character.isLetter haikitambui. Ong'ondo akawa Ongondo. Kwa Kijaluo, kama kwa Kiswahili, ng' na ng ni sauti mbili tofauti. Na jina lisipolingana na la kitambulisho, mwenye jina ndiye huhangaika.

Isitoshe, aliyebandika jina kwa kutumia kipanya alipita bila kukaguliwa!

Dawa ni DocumentFilter, iliyokuja na toleo la 1.4 mwaka 2002. Hiyo hukagua maandishi, si vitufe. Na ile alama ya ' iruhusuni, jamani.