Mtani

Mwalimu au nesi anayehamia Singida kutoka pembe nyingine ya nchi hujikuta kati ya lugha asizozijua: Kinyaturu mjini, Kinyiramba kule Kiomboi, Kigogo Manyoni, Kihadzabe chenye sauti za kidoko huko Mkalama. Kisha mtu asiyemfahamu anamwuliza kabila lake, anacheka, anamtukana kwa raha zote. Kapata mtani.

Magazeti ya michezo yamelipotosha neno hili. "Watani wa jadi" ni Simba na Yanga, yaani mahasimu. Maana yake ya asili inakaribia kuwa kinyume. Wanahistoria huhusisha utani wa makabila na vita vya zamani vilivyokwisha kwa suluhu, pia na misafara ya karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walipokatiza nchi ya Wagogo kuelekea pwani na kuhitaji maji na chakula kwa watu wasio ndugu zao.

Msibani ndipo mtani anapoonekana hasa. Huigiza mwendo wa marehemu, huingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa hucheka machozi hayajakauka. Hakasirikiwi, anayekasirika ndiye aliyekosa adabu.

Wahariri wa michezo wakitaka kusema mahasimu, na waseme mahasimu.